Gari la kulala safarini kwa mstaafu: lipi ununue, lipi uliache

Nianze na jibu, mwenye haraka aishie hapa: mstaafu wa Tanga anayetaka kuizunguka nchi na mwenzake, wakilala humo humo garini, anunue Toyota HiAce ya mzigo, kisha amtafute seremala. Mwenye nafasi na tuendelee, maana fedha yenyewe ni ya mkupuo wa kustaafu, na mkupuo haurudi mara ya pili.

Safari ninayoipigia hesabu ni hii: Tanga, Moshi, Arusha, kisha Babati na Kondoa hadi Dodoma, Iringa, Mbeya, urudi Makambako uingie Njombe na Songea, upite Tunduru na Masasi hadi Mtwara, halafu Lindi, Dar es Salaam na nyumbani. Ni kama kilomita 3,500, na karibu zote ni lami. Ukiongeza kupanda Lushoto mwanzoni na kuteremka Kyela kuliona Ziwa Nyasa, unakaribia 4,000 bila kujua. Mtu wa miaka 60 anaifanya kwa mwezi mmoja au miwili, polepole, mchana tu. Sisi watu wa Tanga tunasemwa "waja leo waondoka leo". Safari hii ndiyo nafasi ya kuwaendea wengine makwao na kukaa.

Wengi wazo hili wamelitoa kwenye simu. Wanaona wastaafu wa Marekani ndani ya Winnebago yenye jiko, bafu, choo na kitanda cha kifalme. Ni magari mazuri kweli. Lakini kule kuna viwanja vilivyojengwa kwa ajili yake: unachomeka umeme, unaunga mpira wa maji, na choo kikijaa kuna shimo maalumu la kumwagia. Wewe choo kikijaa uko Makambako utamwaga wapi? Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa uzuri wa gari ndani. Nimeuliza maswali matatu: fundi wa Tunduru ataliweza? Spea yake itapatikana mjini bila kusubiri meli? Na safari ikiisha, litakuingizia chochote au litakaa uani likiota nyasi?

1. Toyota HiAce ya mzigo

Nazungumzia hii iliyotoka mwaka 2004, yenye pua fupi, siyo vile vipanya vya zamani. Chagua boksi refu la kawaida, lenye urefu wa mita 4.7 hivi. Kuna Super GL yenye viti vizuri nyuma, na kuna DX, gari la kazi, nyuma bati tupu. Chukua DX. Bei yake ni ya chini, na hivyo viti vizuri vya Super GL ungeving'oa tu upate pa kuweka kitanda.

Viti vya nyuma vikikunjwa au kutolewa, sakafu ya DX ni karibu mita 3 kwa urefu na mita 1.5 kwa upana. Hapo ndipo hesabu ya godoro inapoanza. Godoro la tano kwa sita linaingia kwa kubanana, na ukililaza sakafuni matairi ya nyuma yanalizuia, kwa hiyo kitanda lazima kiinuliwe juu ya yale manundu. Nne kwa sita ndiyo saizi yake. Ubavuni inabaki njia nyembamba, na mbele ya kitanda unapata zaidi ya mita moja ya kuweka kabati, maji na jiko. Chini ya kitanda zinakaa tairi la akiba, jeki, mahema na gunia la vitunguu utakalonunua njiani upende usipende.

Kabla seremala hajapiga msumari, mwambie aweke mbao tupu kwanza na mlale juu yake wote wawili, mlango umefungwa. Nimeshuhudia jambo hili kwenye karakana moja ya Ngamiani, hapa Tanga. Mzee alikuwa amesharidhika, anataka kazi ianze. Fundi kijana akamwamkia bibi, akamwomba apande, alale upande wa ukutani.

"Shikamoo mama. Sasa jaribu kutoka, kama unakwenda msalani usiku."

"Marahaba mwanangu. Nitokeje? Nimruke huyu?"

Kitanda kikageuzwa siku ile ile: kikafupishwa, kikawekewa ngazi ndogo ya mbao, na bibi akahamia upande wa mlango. Vipimo vyote vya mtandaoni havilishindi swali hilo moja.

Kuhusu injini, ushauri wangu utawaudhi wapenda dizeli. HiAce ya dizeli ya 3.0 ina nguvu, mlima wa Kitonga kule Iringa inaupanda na mzigo wake. Lakini nozeli zake ni ghali, hazipendi dizeli chafu, na mkanda wa taimingi usipobadilishwa kwa wakati ukakatika, injini inaharibika. Injini ya petroli ya 2.0 ni ya mnyororo, haina turbo, na mafundi wengi wanaielewa. Itapanda Kitonga kwa gia ya pili huku malori yakikuonea huruma, na itafika. Mstaafu anakimbilia wapi? Ukiipata petroli ya 2.7, umepata kilicho bora zaidi, ila mafuta inayanywa.

Kasoro yake kubwa ni moja: injini imekaa chini ya viti vya mbele. Mchana kutwa ukiendesha, joto linapanda kwenye makalio, na Tanga au Lindi mwezi wa Februari si mchezo. Tandika zulia nene la kuzuia joto, na hakikisha kiyoyozi kinafanya kazi siku unayolikagua, siyo "kinahitaji gesi tu".

Baada ya safari, gari hili halikosi kazi. Kitanda kinafunguliwa kwa boliti, na wenye kupeleka mzigo sokoni wanalitafuta. Hiyo ndiyo sababu linaongoza orodha kwa mbali.

2. Toyota Noah au Voxy

Kwa wawili wasio na mizigo mingi, na wenye mkupuo mwembamba, hili linatosha. Viti vinalala, ila havilali sawa, vinaacha mabonde. Usivilalie hivyo. Toa safu ya mwisho, weka ubao wa vipande viwili na sponji ya inchi nne juu yake. Mafuta ni kama lita moja kwa kilomita 10 ukiwa barabara kuu bila kukanyaga sana. Spea zake zimejaa kila mji, kwa sababu Noah zimebeba abiria nchi hii miaka mingi.

Jihadhari na zile za 2001 hadi 2007 zenye injini ya D-4. Mfumo wake wa kupuliza mafuta moja kwa moja unakerwa na petroli yenye uchafu, na ukianza kusumbua gari linatetemeka likisimama. Zile za baada ya 2007 ni tulivu zaidi. Tatizo ambalo halina dawa ni kuwa liko chini. Lushoto kwa lami ya Mombo na Soni utafika vizuri. Ukitaka kuendelea vijijini wakati wa masika, liache gari mjini upande bodaboda.

Kuna atakayeniuliza Alphard. Ni sebule inayotembea, nakubali, na kwenye harusi inapendeza. Liko chini vilevile, linakula mafuta zaidi, na yale ya 2.4 ya miaka ile yana sifa ya kunywa oili. Siliweki kwenye orodha.

3. Land Cruiser mkonga na hema la juu

Hili moyo unalitaka, na kichwa kinakataa. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2 za dizeli bila turbo, inaaminika kuliko watu wengi ninaowajua. Litakupeleka popote, hata ndani ya hifadhi kwenye tope. Ila mkonga mmoja mzuri unakununulia HiAce mbili. Na mafuta: likitumia lita moja kwa kilomita 7, safari yetu ya kilomita 3,500 inataka lita 500, wakati gari la kilomita 10 kwa lita linataka 350. Hizo lita 150 za tofauti ni siku kadhaa za kula samaki Mtwara.

Zaidi ya fedha kuna goti. Hema la juu linapandwa kwa ngazi ya bomba. Jioni ni raha, upepo unapita, mbu wachache. Saa tisa usiku, mwenye tezi dume au anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza atashuka ile ngazi gizani mara mbili, umande umeshaanguka na vidato vinateleza. Kama unalo gari hili tayari, kunja viti vya nyuma ulale ndani, hema waachie vijana.

4. Toyota Coaster

Humu mtu anasimama wima bila kuinamisha kichwa, na kwa wanaokwenda wanne au na wajukuu linavutia. Lakini ni gari zito: leseni yako ya gari dogo huenda isitoshe, kaulize kabla hujalipa. Matairi ni sita, kuligeuza kwenye uwanja wa gesti ni kazi, na Coaster nyingi zilizopo sokoni zimeshachoka kwa abiria. Kwa watu wawili ni kubwa mno.

5. Nyumba ya magurudumu iliyokwisha tengenezwa nje

Japani wanazo nyingi, zimejengwa juu ya chesisi ya Toyota Camroad, ndugu yake lori la Dyna. Ulaya nazo zipo, ila nyingi usukani uko kushoto. Chesisi haina shida. Shida ni yale ya juu: pampu ndogo ya maji, friji ya gesi, dirisha la plastiki, bomba la choo. Likivunjika dirisha, hakuna duka la Barabara ya 12 hapa Tanga wala la Kariakoo litakalokuwa nalo. Safari ikiisha, atakayelinunua ni nani?

Kuhusu kuagiza au kununua yadi. Ukiagiza Japani, omba karatasi ya mnada uisome wewe mwenyewe. Alama ya R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. 4 au 3.5 ni gari la kawaida lililotunzwa. Angalia pia limetoka mkoa gani: kwenye theluji wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo inakula chesisi kwa chini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake kuna tozo zinazopanda kulingana na ukubwa wa injini na uzee wa gari. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata dola moja, maana gari kuukuu la bei nafuu kule linaweza kufika hapa likiwa ghali kuliko jipya kidogo. Gari lililokwisha tembea hapa Tanga lina jambo jingine: upepo wa bahari. Lala chini na tochi, gonga chesisi kwa bisibisi. Likiwa lilikuwa daladala, mashimo ya boliti za viti yatakuambia hata kama muuzaji hasemi.

Sasa vitu vya ndani, kwa mkato. Nyavu za mbu kwenye madirisha zitangulie pazia. Blanketi nzito mbili, kwa sababu Njombe na Makambako mwezi wa Julai si Tanga. Betri ya pili, isiyogusana na ya kuwashia gari. Kama mmoja wenu anachoma insulini, friji ndogo ya volti 12 si anasa, dawa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Betri ya kawaida ya sola ya saa-ampea 100 ina kama wati-saa 1,200, na hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Friji ya wati 45 inayowaka nusu ya muda inatumia 540 kwa siku. Inatosha, ila ukichaji simu tatu na kuwasha feni usiku kucha haitoshi, basi weka paneli juu ya keria.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unapikia nje, mlango wa nyuma ukiwa umeinuliwa kama paa. Jiko la mkaa lisiingie garini hata likibaki majivu ya moto, hata kama Lushoto baridi imekushika. Hewa yake haina harufu, na mtu anafia usingizini.

Pa kulala wala hapasumbui. Vituo vya mafuta vikubwa vina mlinzi, taa na choo. Omba kwa adabu, jaza tanki kwao. Gesti nyingi zinakubali uegeshe uani ulipie bafu tu. Misheni nazo huwa na nafasi. Kwa anayetaka kambi yenyewe, njia ya Pangani kuna Peponi, na kusini mwa Iringa kuna Kisolanza, ambako madereva wa safari ndefu wamezoea kutua. Kwenye vijiji nenda 50, maana kupigwa tochi ya trafiki ni faini, na ukipigwa mara tatu kwa siku pensheni inaanza kulalamika. Mafuta jaza Tanga kabla ya kuondoka: EWURA, wadhibiti wa nishati, hutangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kadiri unavyoiacha bandari ndivyo inavyopanda.

Kama bado una shaka, kodi HiAce ya mtu kwa siku tatu, tupia godoro nyuma, mpande Lushoto wawili. Mkirudi mnaongea bado, nenda kalipe.