Zicheze sataranji au zipigiwe kura?

Ukitaka kuchangamsha kundi la mtandaoni kwa kushindanisha akili bandia, njia mbili zimeshazoeleka. Moja ni kuzichezesha sataranji hadharani, kama TCEC, shindano la mtandaoni la programu za sataranji, inavyofanya tangu 2010. Nyingine, iliyovumishwa na tovuti ya Chatbot Arena mwaka 2023, huficha majina ya modeli mbili (programu za akili bandia zinazojibu maswali) na kuwaachia watu wachague jibu bora.

Kwa gharama, sataranji ni nafuu: Stockfish, injini yaani programu ya kucheza sataranji, ni bure na kompyuta ya kawaida inatosha. Kwenye kura, kama modeli ni za kukodi, kila swali lina bei yake.

Matokeo ya sataranji hayana ubishi, mfalme akinaswa kanaswa. Tatizo ni sare, tena nyingi mno; ndiyo maana TCEC huchagua mianzo ya mchezo inayoelemea upande mmoja, kisha wapinzani hubadilishana rangi. Kura nazo huvutwa na majibu marefu yaliyopambwa, na lazima uwe macho na wanaojaza kura za hila.

Ila kwa kujenga ushabiki, naipa sataranji alama. Injini nyingine, Leela Chess Zero, ilianza 2018 kwa kufunzwa na kompyuta za watu waliojitolea, basi ikikutana na Stockfish ni Simba na Yanga. Mpiga kura huja, hubofya, huondoka.

Lakini kundi lako likiwa la walimu au waandishi wasiojua hata farasi anavyoruka, sataranji itawakimbiza. Wape maswali ya Kiswahili wapige kura. Wapenda kuandika programu na takwimu, wape injini.