Websaiti ya makaburi ya vita (CWGC): nilivyowapata wale 23 wa glaida ya Paulton

Naandika hii kwa yeyote anayetafuta watu waliokufa vitani na hajui aanzie wapi, maana mimi nilianza vibaya na hela ikaenda. Niko Bristol, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani, na kuna mzee wangu mmoja amekulia Paulton hapo Somerset, alikuwa mtoto mdogo siku ile glaida inaanguka na mpaka leo hajaacha kuiongelea. Alitaka majina yao tu basi.

Ilikuwa Jumapili 17 Septemba 1944, siku ya kwanza ya operesheni Market Garden, ile ya Washirika kushusha askari kutoka angani wakateke madaraja ya Uholanzi. Glaida aina ya Horsa, yaani ndege ya mbao isiyo na injini inayovutwa kwa kamba, ikaruka kutoka uwanja wa ndege za jeshi wa Keevil, ikivutwa na ndege ya Stirling, kwenda Arnhem, Uholanzi, na hata bahari haijaiona ikakatika mkia hewani ikaangukia shamba la Double Hills. Walikuwemo wahandisi wa jeshi 21 na marubani 2, hakupona mtu.

Mwanzo nililipia kampuni moja ya onlaini inayotafuta kumbukumbu za ukoo. Wiki tatu nasubiri, wakanitumia pdf yenye majina mawili. Mawili jamani! Nikamsomea mzee, akanyamaza, alafu akasema hapana, walikuwa wengi.

Ndo nikaingia CWGC, tume ya makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola, kutafuta ni bure kabisa, na hapo nikaelewa kosa liko wapi. Marubani wameandikwa Glider Pilot Regiment (kikosi cha marubani wa glaida), lakini wale 21 waliokuwa wamekaa nyuma wako Royal Engineers (wahandisi wa jeshi), 9 Field Company, kwahiyo ukitafuta kwa neno la glaida unawapata wawili wa mbele tu na wengine wote wanakupita. Usianze na kikosi. Weka tarehe ya kifo, alafu chuja kwa makaburi. Hawa nimewakuta Weston-super-Mare, makaburi ya Milton Road. Ukifungua jina moja unaona cheo, namba ya kaburi, mara nyingi na umri na majina ya wazazi, na fomu za zamani zilizoskaniwa, nyingine zina maneno ambayo familia ilichagua yachongwe kwenye jiwe. Hapo nilikaa usiku mzima, sikuweza kusoma haraka haraka.

Ila CWGC haikwambii ilikuwaje. Kwa hilo nenda National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa kule Kew, London, kadi ya msomaji ni bure, beba kitambulisho na karatasi ya anwani, penseli tu ndo inaruhusiwa, na picha unapiga kwa simu yako mwenyewe. Shajara za vikosi vya nchi kavu vya 1944 za upande wa Ulaya anzia WO 171 (hizi ni namba za makundi ya mafaili), za skwadroni za ndege ni AIR 27, na pale Keevil zilikuwepo skwadroni 196 na 299. Agiza mafaili kabla ya siku yenyewe, vinginevyo utamaliza siku yako umekaa unasubiri.

Na kwa sisi wa Afrika Mashariki, hiyo njia ya tarehe inafanya kazi vilevile. Nilijaribu 12 Februari 1944, siku meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilipozamishwa na nyambizi ya Wajapani, alafu nikachuja kwa East African Artillery (kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki), majina ya watu wetu yakaanza kushuka moja baada ya jingine, yako kwenye mnara wa kumbukumbu Nairobi. Kama kuna babu yenu alipanda ile meli, anzieni hapo.

CWGC nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwasababu hakuna pa kuwaona waliokufa kwenye ndege moja wakiwa pamoja, orodha ya 23 nimeiunganisha mwenyewe kwa mkono, nikaiprinti kwa herufi kubwa ili mzee aweze kuisoma bila miwani.