Kiolesura cha World of Warcraft: nilichobadilisha baada ya kuhamia skrini kubwa

Kwenye World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kompyuta, mimi ni mganga. Kundi la watu watano linapoingia pangoni, mmoja anatangulia kupokea kipigo, watatu wanashambulia, na mmoja anatibu. Huyo wa mwisho ndiye mimi. Kwa hiyo nikizungumzia kiolesura, yaani vitufe na maandishi ya kwenye skrini na ukubwa wake, sizungumzii urembo. Mwenzangu akibakiwa na damu (yaani uhai wake kwenye gemu) robo nami nisione, keshakufa, na lawama zote zinanishukia mimi.

Zamani nilichezea laptop ya mtumba, zile za inchi 14 zenye skrini ya pikseli (nukta ndogo zinazojenga picha) 1366 kwa 768 zilizojaa madukani Kariakoo. Sikuwahi kugusa mipangilio ya ukubwa, kwa sababu hakukuwa na haja: herufi zilikuwa kali na kila kitufe kilionekana. Nilipochomeka monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080, vitu vilikuwa vikubwa kupita kiasi na kingo zake zikawa na ukungu fulani hivi, hasa ile mistari myembamba inayozunguka vitufe.

Sababu yake inapendeza ukiijua. Gemu hii ilitoka mwaka 2004, enzi ambazo monita za 1024 kwa 768 zilikuwa za kawaida kabisa, na mpaka leo kiolesura chake kinapimwa kwa kimo cha vipimo 768. Ukiweka ukubwa wa asilimia 100, gemu inahesabu vipimo 768 toka juu mpaka chini, kisha inavitanua vijae kwenye skrini yoyote uliyonayo. Kwenye laptop yangu kipimo kimoja kilikuwa pikseli moja, ndiyo maana kila kitu kilikuwa safi. Kwenye kimo cha 1080, gawanya 768 kwa 1080 upate 0.711, na hicho ndicho kiwango kinachorudisha kipimo kimoja kwenye pikseli moja. Nikaingia kwenye mipangilio ya picha, nikatia tiki kisanduku cha "Use UI Scale", nikashusha kitelezi hadi asilimia 71. Ukungu ukaondoka.

Tatizo ni kwamba kitelezi hicho hakichagui. Kikishuka, kila kitu kinashuka nacho: vitufe, ramani ndogo, gumzo, dirisha la kazi unazopewa na wahusika. Ukichukua rula utakuta vitufe vyangu bado ni vikubwa kidogo kuliko vilivyokuwa kwenye laptop, ila laptop naiweka karibu na pua, monita iko mkono mzima kutoka nilipo. Ile namba inayohesabu sekunde juu ya kitufe, kukuambia lini dawa yako itakuwa tayari tena, ilinilazimu kukunja uso kuisoma. Huko ndani ya vita hakuna muda wa kukunja uso.

Kilichonikomboa ni "Edit Mode", iliyoingizwa mwaka 2022 pamoja na toleo la 10.0. Unabonyeza Esc, unaichagua kwenye menyu, na skrini yote inageuka kuwa vipande unavyoweza kuburuta. Bofya kipande kimoja, kinakuja na kitelezi chake peke yake. Safu yangu ya kwanza ya vitufe nimeikuza hadi asilimia 130. Zile za farasi na chakula nimezipunguza, maana nani anahitaji kumwona farasi wake kwa ukubwa huo? Ramani ndogo nimeiongeza kidogo. Gumzo lina njia yake ya pembeni: bofya kulia kwenye kichupo chake uchague ukubwa wa herufi. Mimi niko kwenye 16.

Lakini sikutegemea kwamba ukubwa ungekuwa sehemu ndogo tu ya shida. Shida kubwa kwenye skrini pana ni umbali. Visanduku vya damu za wenzangu vilikuwa vimebanwa ukingoni kushoto, na moto unaochoma sakafu uko katikati, chini ya miguu yangu. Macho yanasafiri kwenda na kurudi, na kila yakienda kushoto, miguu inaungua. Nilitia tiki ya kuonyesha kundi dogo kwa visanduku vya mtindo wa kundi kubwa, nikavitanua, nikaviburuta mpaka chini kidogo ya mhusika wangu. Sasa naona damu na moto kwa jicho moja. Kama wewe ni mganga na una dakika kumi tu za kurekebisha kiolesura, zitumie hapo, achana na asilimia.

Yapo madirisha yasiyoingia kwenye "Edit Mode", kwa mfano la kazi na la mnada. Hayo yanafuata kitelezi kikuu. Kwa anayependa kusoma hadithi ya kila kazi kama mimi, asilimia 71 ni ndogo usiku macho yakishachoka, hivyo siku za kuzurura peke yangu napandisha hadi 80 na kuvumilia ule ukungu.

Jambo moja nawaomba wenye kompyuta dhaifu. Nimewaona wengi wakishusha azimio la skrini (idadi ya pikseli zake) ili gemu isikwame, halafu wanalalamika herufi zimevimba na hazisomeki. Acha azimio lilivyo, shusha "Render Scale". Hiyo inapunguza pikseli za milima, miti na majoka tu. Kiolesura kinabaki kikichorwa kwa azimio kamili. Mimi niko asilimia 75, nyasi za mbali zimekuwa uji, lakini namba za damu zinasomeka vilevile.

Mpangilio ukikamilika unaweza kuunakili kama mstari mrefu wa herufi na kumtumia mtu. Mpwa wangu aliniomba wangu, nikamrushia WhatsApp, akaubandika kwake. Kesho yake akanipigia: "Mjomba, mbona visanduku vya watu vimenizibia katikati? Mimi nashambulia, damu zao za nini?" Nikamwambia avirudishe kushoto, abakize safu ya vitufe. Kishale cha kipanya, ambacho kwenye vurugu za watu ishirini hupotea kabisa, alikikuza mwenyewe kwenye mipangilio ya ufikivu, na hilo nami nimeliiga kwake.