Boma Yangu: Makato si Akiba

Malalamiko mengi kuhusu nyumba za bei nafuu Kenya huanzia kwenye sifuri. Mtu amekatwa mshahara mwaka mzima, anafungua akaunti yake ya Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizo, akiba: 0. Mtambo haujakosea. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho, kwa hiyo anayelipwa 50,000 hukatwa 750 kila mwezi. Hiyo ni tozo ya kujengea. Amana ya nyumba, yaani malipo ya kwanza, unaiweka mwenyewe, kando na makato. Jambo hili lingeelezwa wazi pale mtu anapojisajili, nusu ya hasira ingeisha.

Kujisajili kwenyewe hakuna shida: kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na namba ya simu. Asiye na simu janja anabonyeza *832#. Andika mapato yako halisi, maana ndiyo yanayoamua kundi: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, 20,000 hadi 149,000 ni za bei nafuu.

Tuchukue bedsita (nyumba ya chumba kimoja) ya kijamii ya Mukuru, Nairobi, iliyokabidhiwa wenyewe Mei 2025. Mita za mraba 20, bei 640,000, malipo 3,900 kwa mwezi. Ndogo? Ndiyo, kitanda cha nne kwa sita na kochi moja, umemaliza. Lakini chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi hakifiki mita za mraba 10, na choo kiko nje. Kwa nyumba yenyewe, mpango umefaulu.

Kikwazo ni amana. Ikiwa ni asilimia 10 ya bei hiyo, ni 64,000. Mama mboga anayeweka 2,000 kila mwezi atahitaji miezi 32, na bado analipa kodi anakoishi. Hata akifikisha, nyumba ni chache kuliko waombaji.

Ukigawiwa, usisaini kabla ya kuuliza kama malipo ya mwezi yanajumuisha lifti, ulinzi na taka. Ghorofani lifti ikikwama, mtungi wa gesi unaubeba kwa ngazi. Uliza pia kinachofuata ukikosa kulipa mwezi mmoja au miwili, hasa kama unaishi kwa kibarua. Na ujue huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.