Siku ya kahawa: Oktoba 1 au Mei 24?

Oktoba 1 ndiyo Siku ya Kahawa Duniani. Iliratibiwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa, lenye makao yake London, na ilizinduliwa mwaka 2015 mjini Milan wakati wa maonyesho ya Expo. Tarehe hiyo haikuokotwa tu: mwaka wa kahawa katika hesabu za shirika hilo huanza Oktoba na kuishia Septemba. Kwa hiyo ni mwaka mpya wa wafanyabiashara na watunza takwimu. Wajapani walikuwa wameshaizoea; wao huadhimisha Oktoba 1 tangu miaka ya 1980.

Mei 24 ni ya Brazil, nchi inayotoa takriban theluthi moja ya kahawa yote duniani. Huko siku inafuata shamba, si daftari, kwani mavuno ndiyo yanashika kasi. Buni zimeiva, nyekundu na nyingine za manjano. Mchumaji hutandika turubai chini ya mbuni, hushika tawi na kulipukusa kwa mkono mmoja, kisha hupepeta majani yatoke.

Kwa kusambaa, Oktoba inashinda bila ubishi, na huwa inatumika kuzungumzia kipato cha wakulima. Ila mara nyingi ujumbe huo humezwa na vikombe vya bure madukani. (Navipokea, sikatai.) Mimi nikiambiwa nichague, nachukua Mei: angalau mbuni wenyewe umealikwa kwenye sherehe yake.