Kadi za mila za harusi: nyingine dhahabu, nyingine porojo

Mimi ni mshereheshaji, na sehemu ngumu ya kazi yangu ni ule muda ambao maharusi bado wanapigwa picha na wageni wameanza kuangalia saa. Ndiyo maana nilinunua seti hii. Kila kadi ina mchoro wa mila fulani mbele, na nyuma maelezo ya ilikotoka. Waliozitengeneza sitawataja, maana kuna mahali nitawasema.

Kadi ya gauni jeupe imeandikwa na mtu aliyesoma. Malkia Victoria wa Uingereza alivaa nyeupe alipofunga ndoa na Albert, Februari 1840, lesi ikiwa ya Honiton, mji wa Uingereza, na kichwani shada la maua ya mchungwa. Kabla ya hapo bibi harusi wengi wa Ulaya walivaa tu gauni zuri walilokuwa nalo, la rangi yoyote. Kadi haisahau kwamba Mary wa Uskoti alimtangulia: mwaka 1558 aliolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa akiwa na nguo nyeupe, ilhali huko nyeupe ilikuwa rangi ya malkia kuombolezea. Nikifika hapo, akina mama hugeukiana.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Wayahudi kuvunja bilauri. Talmud, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya Wayahudi, inasimulia kuhusu Mar mwana wa Ravina, aliyekuwa akimwoza mwanawe. Akaona marabi wamechangamka kupita kiasi, akaleta kikombe cha thamani ya zuzi 400, sarafu za fedha za wakati huo, akakivunja mbele yao. Wote wakanywea. Maelezo kwamba bilauri huvunjwa kukumbuka Hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mwaka 70, yalikuja baadaye, na kadi inayatoa yote mawili bila kulazimisha. Zipo sherehe ambazo hata mimi ningekitamani kikombe hicho.

Sasa malalamiko. Kadi ya wapambe wa bibi harusi inadai walivalishwa sare ili pepo wabaya wasimtambue mwenyewe. Lini? Wapi? Nani aliandika? Kimya. Nilipoisoma, bibi mmoja wa meza ya mbele akapaza sauti: "Mwanangu, pepo gani huyo anayedanganywa na kitambaa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nyuma ya kadi hakukuwa na cha kumjibu. Ile ya mpambe wa bwana harusi na upanga wake wa kuwafukuza ndugu wa mke ina kasoro ileile.

Ya pete inaudhi zaidi, kwa sababu chanzo chake kipo. Aulus Gellius, mwandishi wa Roma wa karne ya 2, alieleza kwamba Wamisri walipopasua maiti walikuta mshipa mwembamba wa fahamu unaotoka kidole cha pete cha mkono wa kushoto hadi moyoni. Kadi inalisema hilo kama somo la mwili wa binadamu, bila kumtaja Gellius. Mshipa huo haupo. Isitoshe, Warusi na Wajerumani huvaa pete ya ndoa mkono wa kulia.

Na kizingiti! Kadi inasema bwana harusi humbeba mkewe kwa sababu pepo hujificha mlangoni, basi. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, aliuliza swali hilohilo kuhusu Warumi wa kale, akaacha makisio matatu: labda ni kumbukumbu ya wanawake wa Wasabini, majirani wa Roma, waliotekwa na Warumi wawe wake zao, labda ni kuonyesha kwamba haingii kwa hiari mahali atakapopotezea ubikira, au ni ishara kwamba, kama asivyoingia mwenyewe, hatatoka mwenyewe. Tena waliombeba ni wasindikizaji, si mume. Siku hizi nasoma makisio hayo badala ya kadi, na meza zinabishana zenyewe mpaka maharusi waingie.

Karatasi ni ngumu na haikunjiki, ila inang'aa mno. Chini ya taa za jukwaani unaiinamisha huku na huku kutafuta maneno. Herufi ni ndogo.

Kama unataka za kupamba meza, nunua. Kama ni za kusoma kwenye maikrofoni, chambua kwanza. Na toleo lijalo waongeze Polterabend ya Wajerumani, ambapo mkesha wa harusi watu huvunja vyombo vya kaure, na wachumba ndio hufagia vigae pamoja. Kwa sasa nafasi hiyo imepewa kadi tupu iliyoandikwa "Andika mila yako hapa".