Eye in the Sky (2015): Mtoto mmoja, watu themanini, na meza ya mkate Eastleigh

Filamu nyingi za vita zinazoonyeshwa kwenye vibanda vya video vya Kondele na Nyalenda, au Bondeni na Kaptembwa kule Nakuru, zina maiti nyingi zisizo na mwenyewe. Jamaa mmoja mwenye bunduki anaangusha watu thelathini, na hakuna anayeuliza yule wa kumi na saba alikuwa mtoto wa nani. Eye in the Sky, iliyoongozwa na Gavin Hood na kuandikwa na Guy Hibbert, imeshika njia nyingine kabisa. Kati ya dakika zake 102, sehemu kubwa inakwenda kwa watu wazima wanaobishana kuhusu msichana mmoja anayeuza mkate. Msichana huyo, Alia, yuko hapa kwetu, Eastleigh, Nairobi. Ndiyo maana naipendekeza kwa klabu za filamu za shule na vyuo vya Kisumu na Nakuru kabla ya filamu nyingine yoyote ya vita, na ndiyo maana kasoro zake zinaniuma zaidi.

Kisa chenyewe hakina mzunguko. Kanali Katherine Powell (Helen Mirren) yuko Northwood, Uingereza, akiongoza operesheni ya kuwakamata viongozi wa Al-Shabaab waliokutana katika nyumba moja Nairobi. Juu angani kuna droni aina ya Reaper, na rubani wake, Steve Watts (Aaron Paul), yuko Nevada. Sura za watuhumiwa zinatambuliwa Hawaii. Mtu aliye karibu na hatari kuliko wote ni Jama Farah (Barkhad Abdi), mpelelezi wa Kenya anayerusha kamera ndogo yenye umbo la mdudu hadi ndani ya nyumba ile. Kamera inaonyesha watu wawili wakivalishwa vizibao vya mabomu. Papo hapo kazi ya kukamata inageuka kuwa kazi ya kuua, na Alia naye anapanga mikate yake mezani, nje ya ukuta wa nyumba ileile.

Tazama kwa makini wanavyohesabu. Kabla ya kombora kurushwa, kuna sajenti ambaye kazi yake ni kukadiria raia watakavyoumia. Anachukua mchoro wa nyumba, anaweka alama pale kombora litakapotua, anapima umbali kutoka hapo hadi kwa mtu asiye na hatia, anazingatia ukuta ulio katikati, kisha anatoa asilimia. Hellfire lenyewe si bomu kubwa, ni kombora la kilo 45 hivi lenye kichwa cha baruti cha kilo 8 au 9 tu. Taabu ni kwamba ndani ya nyumba hii kuna baruti nyingine, ile ya vizibao, na hakuna aliyeipima. Hesabu yote inasimama juu ya kitu kinachokisiwa.

Kanali anataka asilimia ishuke chini ya 50. Anamsukuma sajenti asogeze alama upande wa mbali wa nyumba. Sajenti anarudi na jibu la kweli: uwezekano wa Alia kufa ni kati ya 45 na 65. Kanali anamtaka athibitishe 45 peke yake. Tangu hapo ile 65 haisikiki tena. Inayopanda ngazi hadi kwa mawaziri ni 45, na kila anayeipokea anadhani ndiyo iliyopimwa. Sijaona filamu nyingine ya vita iliyoonyesha waziwazi hivi jinsi uamuzi unavyoharibika: hakuna aliyesema uongo mtupu, ila nusu ya jibu imeachwa njiani. Yeyote aliyewahi kuona ripoti ikipunguzwa makali kila inapohama ofisi ataielewa sehemu hii bila kuelezwa.

Watazamaji wengi hutoka wakiamini kwamba sheria ya vita inasema "chini ya 50 ruhusa, juu ya 50 marufuku". Haisemi hivyo. Itifaki ya Kwanza ya 1977 iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, ibara ya 51, inakataza shambulio ambalo madhara yake kwa raia yatapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi iliyo wazi na ya moja kwa moja. Ibara ya 57 inadai tahadhari zote zinazowezekana zichukuliwe kabla ya kushambulia, na shambulio lisitishwe hali ikibadilika. Asilimia hamna humo. Kenya iliingia katika itifaki hiyo mwaka 1999, na Marekani iliitia saini bila kuiridhia. Mwalimu akisoma ibara hizo mbili kwa sauti kabla ya kuwasha projekta, mjadala wa baadaye utakuwa na pa kushika.

Katikati ya filamu kila mkubwa anamtupia mwenzake mpira. Mawaziri walio mezani London wanampigia waziri wa mambo ya nje aliye Singapore, naye anaelekeza swali kwa Wamarekani. Baadhi ya watu huona sehemu hii inakokota. Mimi naona ndipo filamu inapopumua, kwa sababu kila simu inayopigwa ni dakika nyingine ambayo Alia bado yuko mezani na wale wawili bado wanavaa mabomu. Rubani Watts naye, mwenye cheo cha chini kuliko karibu wote wanaompa amri, anakataa kufyatua mpaka makadirio yafanywe upya. Ana haki hiyo, na anaitumia.

Kisha kuna mkate. Jama anatumwa akanunue wote ili mtoto aondoke. Anamlipa, lakini kabla hajaupokea anatambuliwa na wanamgambo, inambidi akimbie. Alia amebaki na pesa mkononi na mkate wote. Anafanya ambacho mama yeyote wa soko la Kibuye angefanya: bidhaa ipo, siku haijaisha, anaurudisha mezani na kuendelea kuuza. Kitendo hicho cha busara ya biashara ndicho kinachomweka mahali pa kufa. Hood hakuweka muziki wa kutulazimisha kulia hapo, na amefanya vyema.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni kubwa. Katika mabishano ya London wanataja watu themanini ambao wangeuawa kama walipuaji wangetoka nje ya nyumba. Angela Northman, naibu waziri, anasema kisiasa ni afadhali Al-Shabaab walaumiwe kwa kuua themanini kuliko serikali yake ilaumiwe kwa kuua mtoto mmoja. Ni hoja ya kutisha, na ni vizuri imewekwa wazi. Lakini filamu nzima haituonyeshi hata uso mmoja kati ya hao themanini. Alia ana jina, ana baba fundi wa baiskeli, ana mchezo wake wa kuzungusha duara kiunoni. Hao wengine ni tarakimu. Mtazamaji wa London anaweza kukubali mizani hiyo. Kwetu themanini si tarakimu. Westgate, Septemba 2013, waliuawa 67. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, waliuawa 148, wengi wao wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, magharibi ikiwemo. Filamu ilizinduliwa Toronto Septemba mwaka huohuo. Mkenya anapoitazama anazijaza zile nyuso mwenyewe, na mizani inageuka mkononi mwake. Kwa hiyo swali ni gumu zaidi huku kuliko lilivyo kule lilikoandikwa, na mwandishi hakulijua hilo au hakulijali.

Ya pili: Kenya haina sauti. Ardhi ni yetu, watakaokufa ni wetu, wanajeshi wetu wanangoja karibu na pale tayari kwa amri, lakini mawaziri tunaowaona wakivutana ni wa Uingereza na Marekani. Wanasheria wanajadili kidogo kwamba Kenya ni nchi rafiki na si uwanja wa vita, kisha wanaendelea. Ningetoa nusu ya mazungumzo ya Singapore nipate dakika tano tu za afisa mmoja wa Nairobi akiulizwa: wewe unaonaje?

Ya tatu ni mandhari. Picha zilipigwa Afrika Kusini, na inaonekana. Eastleigh ya kweli ni maghorofa ya biashara, matatu zilizobanana na wafanyabiashara hadi usiku. Ya filamu ni vumbi na kuta, wanamgambo wakirandaranda na bunduki hadharani kana kwamba serikali imehama. Vijana ambao hawajawahi kufika Eastleigh waambiwe mapema, wasije wakaondoka na picha mbaya ya majirani zetu Wasomali.

Waigizaji sina neno. Mirren hafanyi kanali awe katili wala shujaa; anamfanya mtu aliyeshughulikia faili moja kwa miaka na haoni tena pembeni. Alan Rickman, aliyefariki Januari 2016, yuko hapa kama Jenerali Benson, na jibu lake la mwisho kwa Northman, la mtu aliyefika mwenyewe mahali palipolipuliwa, halimsafishi wala halimhukumu. Abdi ana maneno machache kuliko wote na ndiye anayebeba hofu ya filamu.

Kwa wanaotaka kuionyesha, msitumie nakala yenye tafsiri ya madijei. Napenda ufundi wao kwenye filamu za mapigano, ila dijei hujaza kila kimya, na filamu hii inaishi kwenye kimya na kwenye namba. 45 ikipita bila kusikika, kisa kimekatika. Chukueni nakala halali yenye maandishi chini, kwa sababu wenyeji wa mtaa wanazungumza Kisomali. Maneno mengi husemwa chini chini au kupitia redio, kwa hiyo spika moja ya kompyuta haitoshi. Wekeni mbili mbele, usawa wa masikio. Ukumbi wa mabati nao huwa hausikiki mvua ya jioni ya Kisumu ikianza, basi anzeni saa nane mchana na mfunike madirisha.

Simamisheni mara tatu tu. Kwanza, vizibao vinapoonekana: je, kukamata bado kunawezekana, na nani atakufa kwenye majibizano ya risasi? Pili, mara tu kanali anapoitaka ile 45: kila mtazamaji aandike kwenye karatasi angerusha au asingerusha, bila kuonyeshana. Tatu, baada ya kombora la kwanza, mtuhumiwa mmoja anapoonekana bado hai na amri ya kombora la pili inatolewa. Hapo wengi walioandika "ningerusha" husita, na walioandika "nisingerusha" huulizwa kuhusu mabomu. Pamoja na mjadala, tengeni saa tatu.

Umri: Uingereza waliiwekea 15, Marekani R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Kidato cha tatu kwenda juu ni sawa. Chini ya hapo sishauri, kwa sababu mwisho hauna huruma kwa mtazamaji. Aliyepoteza ndugu Garissa au Westgate aelezwe kisa chote kabla, hata kama hilo litaharibu mshangao, kisha aamue mwenyewe kuingia au la.

Naipa nane kwa kumi. Alama mbili zimekatwa kwa ajili ya Kenya kukosa sauti na wale themanini kukosa nyuso.

Klabu ikitaka ya pili, chukueni Saving Private Ryan (1998), wanajeshi wanane wanaotumwa kumtafuta mmoja ambaye ndugu zake watatu wamekufa. Wengi huijia kwa ajili ya mapigano ya ufukweni, lakini swali lake kali liko kwa mateka Mjerumani ambaye Kapteni Miller anamwachilia huru badala ya kumpiga risasi. Mateka huyo anarudi vitani na ndiye anayempiga Miller mwenyewe. Watazamaji humchanganya na yule Mjerumani mwingine anayeua kwa kisu ghorofani, kwa hiyo waonyesheni sura yake vizuri anapoachiliwa. Ina dakika 169, na mwanzo wake ni wa damu nyingi. Ipangieni wiki yake. Zikionyeshwa siku moja, kelele za ufukweni zitaimeza hesabu ya sajenti.